Bibi yako bado anasuka

Mwanangu,

Sisi huku Iringa hatujambo, ila baridi ya Juni inatukomoa. Jumapili uliponiuliza, "Baba, kama Bibi hanijui tena, bado ni Bibi yule yule?" nilisingizia mtandao nikakata simu. Sikuwa na jibu.

Mwanafalsafa Mwingereza, John Locke, aliandika mwaka 1694 kwamba mtu hubaki yule yule mpaka pale kumbukumbu zake zinapofika. Chuoni nilimwona mwerevu sana. Siku hizi nashangaa, maana alikuwa tabibu. Sijui kama aliwahi kuuguza mzazi.

Mwaka 1785 Thomas Reid wa Uskoti akamjibu kwa kisa. Mtoto kachapwa kwa kuiba matunda. Akakua, akawa ofisa kijana, akateka bendera ya adui huku zile fimbo anazikumbuka. Uzeeni ni jenerali: bendera anaikumbuka, fimbo kasahau kabisa. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ndiye yule ofisa, ofisa ndiye yule mtoto, lakini jenerali siye yule mtoto. Hesabu inagoma.

Nilicheka peke yangu. Mimi nilichapwa kwa pichi za jirani, nasikia nilikuwa na miaka 5, na sikumbuki hata fimbo moja. Aliyekumbuka ni Bibi yako. Kila harusi alikisimulia, mpaka mama yako akakijua kuliko mimi. Yule mtoto mwizi alikuwa ametunzwa kwake miaka yote, si kwangu. Sasa naye hana habari, nimebaki nakisimulia mimi kama vile nilikiona.

Juzi alasiri nilimkuta uani na milulu yake, zile nyasi za kusukia vikapu. "Kamwene, mama." Akaitika vizuri, kisha akaniita kwa jina la kaka yake, marehemu. Nikakaa. Vidole vyake havikuuliza chochote: analowesha unyasi, anaupitisha, anakaza, anageuza kikapu. Nikaomba nisuke mzunguko mmoja. Nikaukosea. Akaninyang'anya, akafumua, akaguna ule mguno wake wa puani, ule ule aliokuwa akiguna akikagua daftari langu la hesabu, na yeye hakusoma hata darasa la kwanza.

Ukija Desemba usimwulize, "Bibi, unanijua?" Tunamtesa tu kwa mtihani huo. Kaa kwenye mkeka, mshikie milulu, na usuke. Najua utakosea. Tega sikio.

Baba yako