Barua ya wazi kwa Bugumestre wetu: tunaomba robine ya bustani

Mheshimiwa Bugumestre, mkuu wa komine yetu,

Pokea salamu zetu sisi watunza bustani ile uliyoifungua kwa heshima zote, ukakata utepe mbele ya kamera na kutuahidi maji mwaka mzima. Huenda umesahau, kazi za ofisi ni nyingi. Sisi hatujasahau, maana ahadi hiyo tunaibeba kichwani kila asubuhi, ndani ya bidoni za manjano.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikalala. Na Jumatatu hii tumefika kazini tukakuta robine ya maji imeng'olewa. Bomba limezibwa kwa kipande cha mti kilichoviringishwa mfuko wa plastiki, maji yanadondoka tone tone pembeni, mbwa wanakuja kunywa topeni. Nani kaing'oa? Wengine wanasema fakture ya maji haijalipwa. Mimi nadhani kuna mtu anawauzia maji waosha magari wa pale kona, ila ushahidi sina, kwa hiyo nanyamaza. Magari ya pale yanang'aa kweli.

Mheshimiwa, mwanangu anayeishi Cape Town alinitumia nauli ya basi. Nikavuka mpaka wa Kasumbalesa, nikafika huko mgongo umekufa ganzi. Jumapili akanipeleka Kirstenbosch, bustani iliyoanzishwa mwaka 1913 chini ya Mlima wa Meza. Niliingia kama mgeni, lakini macho ni ya kazi: nikawa nainama kutazama mipira ya maji, naingiza kidole kwenye udongo, mwanangu anaona haya. Kuna hata njia ya vipofu, wanaifuata kwa kushika kamba.

Kilichonikaa moyoni ni mti mmoja, Encephalartos woodii. Ulipatikana porini mwaka 1895, mmoja tu, dume, na mpaka leo jike halijaonekana. Yote iliyopo duniani ni machipukizi ya huyo mmoja. Pale wameuzungushia chuma usiibwe. Kapera mmoja kajengewa nyumba ya chuma! Miche yetu ya jakaranda, tuliyoipanda siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wewe ukiwepo, nusu imeliwa na mbuzi, nusu inamaliziwa na jua.

Utasema Afrika Kusini wana pesa. Wanazo, ndiyo. Lakini Cape Town nako kuna ukame: mvua yao ni ya majira ya baridi, miezi ya joto ni mikavu, na mwaka 2018 jiji zima lilikaribia kufungiwa mabomba. Hapa Lubumbashi mvua hutuaga mwezi wa nne, na haiturudii sawasawa mpaka mwezi wa kumi na moja. Katikati hapo, hotuba hazimwagilii kitu.

Wala siombi maua ya Ulaya. Katanga tuna Haumaniastrum katangense, lile ua la shaba linaloota kwenye udongo wa madini, hata watafuta shaba walikuwa wakilifuata. Nilileta ofisini kwako wazo la kitalu cha mimea yetu, kila mmoja na kibao cha jina lake, watoto wa shule waje kusoma. Nikaambiwa nirudi na dosie, faili la karatasi. Dosie ya maua! Tuyaache hayo, ua la shaba litasubiri.

Goti la mwenzangu halisubiri. Mzee yule aliteleza na bidoni akitoka kuchota kwenye kisima cha jirani. Limevimba, na bado anakuja kwa sababu yale mawaridi aliyapanda yeye. Mama mwenye kisima ana roho nzuri, ila ameanza kuuliza tutamlipa lini. Tunamlipa kutoka mifukoni mwetu, na mshahara wetu unajua unavyokuja, ukija.

Kwa hiyo tunaomba robine. Kama ni mzigo kwa komine, tupe maji tangu saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, tutajaza mapipa. Likishindikana na hilo, tuma fundi aondoe tu kile kipande cha mti. Robine tutachanga tununue wenyewe, na kufuli juu yake, na ufunguo mmoja tutakuletea ofisini.

Kwa heshima,
Mmoja wa watunza bustani wako,
Lubumbashi