Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Mama hakufa kwa nyonga

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza ziligongwa muhuri ofisini kwako, na naamini zimepumzika vizuri kwenye jalada.

Mama yangu aliingia hospitali yetu ya rufaa na nyonga iliyovunjika, kisukari chake, na akili zake timamu. Siku ya 9 akaanza kutetemeka kwa homa. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, aliyowekewa siku ya kwanza ilikuwa bado mkononi, pamevimba, pamekuwa pekundu. Nesi akasema zikija nyingine watabadilisha. Mpira wa mkojo nao ulikaa tu. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima tena. Kisha sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, siku 4, homa haishuki. Nikaomba damu ioteshwe tujue ni mdudu gani. Chupa za kuoteshea zimekwisha. Tukachanga, tukapeleka damu maabara ya mtu binafsi. Bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa sindano ileile aliyokuwa akichomwa. Majibu hayo niliyasomea msibani.

Cheti kinasema kisukari. Kisukari aliishi nacho miaka 17, Mheshimiwa, akilima.

Mimi si daktari. Labda ni kanula, labda ni mikono, labda ni lile beseni moja la kusafishia vidonda vya wodi nzima. Najua uzee na kisukari humwongezea mgonjwa hatari ya kufa bakteria wakiingia kwenye damu. Hayo alikuja nayo, namwachia Mungu. Lakini mpira uliosahaulika na dawa isiyomgusa mdudu, hivyo alivikuta kwenu.

Wala si siri. Watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walifuatiliwa: waliokutwa na bakteria wa gramu-hasi, jamii ya huyo Klebsiella, walikufa zaidi ya 43 katika kila 100, zaidi ya mara mbili ya wenye malaria. Kutibiwa kwa dawa ambayo mdudu ameshaizoea kulitajwa miongoni mwa vilivyowapeleka kaburini. Hayo yalichapishwa 2007. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa ukaja 2017. Mama amezikwa Machi.

Mwaka jana ulikata utepe pale hospitalini kwetu ukaahidi kwamba ndani ya miezi 3 maabara itakuwa inaotesha damu. Makofi nilipiga hata mimi.

Ningenyamaza, lakini Jumatatu nimemsindikiza jirani kumlaza mwanawe wodi ileile. Bomba la sinki limekauka. Chupa ya kitakasa mikono inaning'inia ukutani, tupu, na stika yake nzuri ya "Nawa Mikono". Jana usiku mtoto ameanza homa. Nimeuliza chupa za kuoteshea damu. Zimekwisha.

Maji yatafuata, kanula zitafuata, hata majibu ya barua zangu sidai tena. Leta chupa, Mheshimiwa. Mtoto ana homa tangu jana. Chupa tu.

Wako mtiifu,
Aliyemuuguza mama yake akilala chini ya kitanda namba 14