Kukashifu si kulaani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kitenzi ambacho waandishi wa habari, hasa wa Kenya, wamekizoea mno, nacho ni "kukashifu". Haipiti wiki bila kusoma kwamba viongozi wa dini wamekashifu mauaji, au kwamba upinzani umekashifu kupandishwa kwa kodi, na msomaji anatarajiwa aelewe kuwa wamelaani au wamepinga.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kufunua kilichofunikwa, na Kiswahili kililipokea likiwa na sumu ndani yake: kumkashifu mtu ni kutangaza aibu zake, ziwe za kweli au za kuzuliwa, ili avunjiwe heshima. Ndiyo maana aliyechafuliwa jina hufungua kesi ya kashfa. Kwa hiyo anayekashifu ndiye mwenye kosa; ukiandika kwamba askofu amewakashifu wauaji, umempandisha askofu kizimbani na wauaji umewafanya walalamikaji. Tena anayekashifiwa sharti awe na heshima ya kuvunjiwa, nayo mauaji hayana.

Najua nitajibiwa kwamba maneno huhama. Ni kweli: asili ya "kushutumu" katika Kiarabu ni kutukana, ilhali leo hakuna anayedhani kuwa waziri aliyeshutumu shambulio amelitukana. Lakini kitenzi hicho kilihama pamoja na jamaa zake, kwani shutuma nazo sasa ni lawama nzito, wakati kashfa imebaki palepale. Gazeti lile lile haliwezi kutuambia kwamba mbunge mmoja amekumbwa na kashfa, kisha likatumia kitenzi cha shina hilo hilo kumsifu mwenzake kwa msimamo wake.

Wala hatuna uhaba wa maneno. Kulaani kunafaa kwa uovu mkubwa, kwa kuwa ndani yake mna laana. Kukemea ni kwa mwenye mamlaka au umri anayemkanya aliye chini yake, na hakuhitaji kusindikizwa na "vikali" kila mara, maana ukali umo tayari. Kuna hata kusuta, yaani kumkabili mzushi hadharani kwa maneno yake mwenyewe, kitenzi ambacho kingewafaa sana waandishi wa habari za siasa lakini hawakigusi. Na kodi ikipandishwa, yatosha kuandika kwamba imepingwa.

Msomaji wenu