Tuchangieni twende Bungeni kusema habari ya maji

Bwana asifiwe wapendwa, tunajua mmechoka na michango, msiba huu, harusi ile, na juzi tu mlitoa mpaka tukashangaa wenyewe mwili wa baba yetu ukafika Bujumbura akazikwa kwao, kwa hiyo kuwaandikia tena mapema hivi tunaona haya. Lakini hili haliwezi kusubiri, Bunge la jimbo letu la Iowa hapa Marekani linafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari na miezi michache tu wanafunga.

Kuna mama wa hapa hapa kanisani ana kichanga. Alisikia kazini maji ya mji wetu wa Des Moines yana kemikali inaitwa nitrati, basi kila usiku akitoka shifti anachemsha sufuria mpaka maji yanabaki nusu ndo amkorogee mtoto maziwa ya kopo. Si ndivyo tulivyofundishwa wote kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania? Na kwa kipindupindu ni sawa kabisa. Jamani nitrati haifi kwa moto! Maji yanapungua yenyewe inabaki, inazidi kuwa kali, na wanaodhurika upesi ni watoto chini ya miezi 6 maana damu inashindwa kubeba hewa. Hakuna aliyemwambia kwa lugha anayoielewa. Tukimkumbuka na ile sufuria yake roho inauma.

Nitrati inatoka kwenye mbolea na samadi ya nguruwe, mvua inaisukuma kutoka mashambani mpaka mto Raccoon na mto Des Moines ambayo ndo tunakunywa. Kiwango kisizidi miligramu 10 kwa lita. Wafanyakazi wa maji wanapambana kuichuja na Mungu awabariki, lakini Juni 2025 ilipanda mpaka watu kama 600,000 tukakatazwa kumwagilia majani ya uani ili mitambo isizidiwe. Na kuchuja kunalipwa na sisi kwenye bili.

Wananchi walishasema. Mwaka 2010 walipiga kura, asilimia 63 wakakubali uwepo mfuko wa kulinda maji na ardhi ya umma, uingizwe sehemu ya kodi ya mauzo siku kodi hiyo ikipandishwa. Haijapandishwa mpaka leo, mfuko upo mtupu! Halafu imeshaletwa na miswada ya kubana jimbo lisinunue ardhi ya umma, wakati Iowa karibu yote ni mashamba ya watu binafsi na hayo mapori na majani ya kando ya mito ndo yanayochuja uchafu, ndo na mahali vijana wetu wanavua samaki bila kufukuzwa.

Sasa muswada unaanzia kamati ndogo ya wabunge watatu, mtu yeyote anaruhusiwa kusimama akasema, ila tangazo linaweza kutoka leo kikao kikawa kesho mchana, saa ambayo sisi tuko kiwandani tunakata nyama au tumelala baada ya usiku kucha. Wenye makampuni wana watu wa kukaa pale kila siku. Sisi tunaoongea Kiswahili tumejaa mji huu na hatujapeleka hata mtu mmoja. Ndugu yangu unayelipia sare ya harusi bila kuulizwa mara mbili, na hapa usikae kimya.

Tunaomba dola 20 kila nyumba, mwenye zaidi atoe zaidi. Ni za kufidia shifti ya atakayeenda kusema, mkalimani, mafuta ya gari, wa kubaki na watoto, na karatasi za Kiswahili za kuwaambia akina mama kuhusu kuchemsha, hizo tunazichapa kwanza hata kabla ya Bunge. Isaka alichimba kisima wakagombana naye, akachimba kingine, hakuacha.

Pesa zote mpe mhazini baada ya ibada, utaandikiwa risiti, na ripoti itasomwa mbele ya kanisa kila mwisho wa mwezi. Wanaotaka kwenda kusema waandikishe majina Jumapili hii, hata kama bado hujapata uraia njoo, hauzuiwi.