Mpwa wangu, mgongano hauishii kwa manahodha

Mpwa wangu,

Asalaam aleikum. Juzi kwenye simu ulisema kwamba boti mbili zikigongana, wa kujibu ni manahodha, mkaguzi hana lake. Sikukujibu palepale kwa sababu jibu ni refu. Naliweka hapa hadharani kwa kuwa wenzako mnaoanza nao kazi ya kukagua vyombo huenda wanaamini hivyo hivyo.

Jioni ya tarehe 1 Oktoba 2012, sikukuu ya taifa la China, boti iitwayo Lamma IV iling'oa nanga kisiwa cha Lamma, Hong Kong. Ilibeba wafanyakazi wa kampuni ya umeme na familia zao, wakienda kutazama fataki bandarini. Saa mbili na dakika ishirini hivi usiku ikakutana na feri ya Sea Smooth inayotoka mjini. Zote zilikuwa na rada. Lamma IV ikakata kulia, kama sheria ya bahari inavyotaka. Sea Smooth ikakata kushoto, omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikaingia ubavuni mwa mwenzake, karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma. Walikufa watu 39, wanane kati yao watoto.

Manahodha wana lao, sikatai. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Michael Lunn iliona kwamba wote wawili hawakuwa wakiangalia mbele ipasavyo. Mwaka 2015 nahodha wa feri alifungwa miaka 8, yule wa Lamma IV miezi 9.

Lakini tume ilikuwa na swali la pili, na hili ndilo lako. Boti iliyotobolewa ubavuni inazamaje tezi kwa dakika mbili hivi? Mgongano ulitoboa vyumba viwili vya chini, cha injini na cha matangi. Nyuma yake kipo chumba cha mitambo ya usukani, na ukuta unaokitenga na chumba cha matangi una uwazi wa mtu kupita. Pale palitakiwa mlango usiopitisha maji. Haukuwapo. Maji yakajipitia, vyumba vitatu vikajaa badala ya viwili, tezi likazama na omo ikasimama juu. Viti vya sitaha ya juu viling'oka vikaporomoka pamoja na watu, na wengi walinaswa humo humo ndani.

Mlango ule haukung'olewa na mgongano. Boti iliundwa miaka ya 1990 bila huo mlango. Michoro ilipingana yenyewe kwa yenyewe, na hesabu za kama chombo kitaelea kikitoboka zilifanywa kana kwamba ukuta umezibwa. Mchoraji akapitisha, muundaji akapitisha, idara ya bahari ikaidhinisha, kisha vyeti vikaendelea kutolewa mwaka hadi mwaka. Mpwa wangu, nasikia uchungu kila nikilifikiria hili, maana tundu linalopitisha mtu mzima halihitaji kipimo kuonekana.

Na jaketi okozi za watoto hazikuwamo, ingawa sheria ilizitaka. Mwaka 2016 aliyekuwa mkurugenzi msaidizi wa idara ya bahari alifungwa miezi 16, kwa sababu aliwaelekeza walio chini yake wasiitumie kanuni mpya ya jaketi kwa boti za zamani. Aliyefungwa hapo hakushika usukani usiku ule. Alikuwa afisa wa ukaguzi, cheo ambacho wewe na wenzako mnatamani kukifikia.

Ndugu wa marehemu hawakuridhika, nami nawaunga mkono. Ripoti ya pili, ya serikali kuhusu maafisa wake wenyewe, ilitolewa kwa muhtasari tu. Wakaomba uchunguzi wa vifo mahakamani, wakakataliwa mwaka 2020, wakakata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaamuru ufanyike. Miaka kumi na moja tangu msiba, bado walikuwa wakiuliza nani aliuacha ukuta ule wazi.

Ripoti ya Jaji Lunn ilitolewa Aprili 2013. Baadhi ya kurasa zilifichwa kwa ajili ya kesi za jinai, lakini iliyobaki inatosha. Usianze na mwendo wa boti na rada, hayo unayapenda na utayasoma tu. Anza na sehemu ya michoro na ukaguzi, kisha nipigie tubishane.

Mjomba wako