Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2024/2025

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka jana nilisimama hapa nikawaambia kwamba shamba la misheni kule milimani Mbinga litaongezwa nusu ekari ya mahindi, na kwamba sisi wa mjini Songea ndio tutakaoilima kwa kujitolea. Tuliilima kweli. Naanza na hiyo nusu ekari kwa sababu haikutupa hata debe moja la mahindi, na aliyekosea ni mimi.

Mnakumbuka Novemba tulivyopanda lori tukiimba. Vijana walikuwa na nguvu, nikawaamuru wapige matuta kama tunavyopiga huku kwetu kwenye tambarare. Bibi mmoja wa kigangoni alisimama kando ya shamba, akatazama weee, kisha akauliza, "Na maji yatapita wapi?" Nikamjibu kwamba Mungu atayaelekeza. Nilisema kwa mzaha, lakini nilisema. Mvua za Januari zikashuka na udongo, mahindi, na mbolea iliyonunuliwa kwa michango yenu, vyote hadi kijitoni.

Machi tukarudi, safari hii kama wanafunzi. Wamatengo, wenyeji wa milima ile, wamelima miteremko yake kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta, vizazi na vizazi, na udongo wao bado upo. Wanaume wanafyeka majani, yanaachwa yanyauke, halafu yanapangwa kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia. Kinachobaki ni shimo, na tuta pande zake zote nne. Maharage yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikipiga, maji yanatuama shimoni, hayapati nafasi ya kukimbia na udongo, na yale majani yanaozea chini yakawa mbolea. Mahindi yanafuata msimu wa mvua unaokuja, kwenye matuta yaleyale. Viuno viliuma, sifichi. Yule bibi alitufumulia matuta matatu tuyarudie. Lakini maharage tumevuna, na hosteli ya wasichana bado inayala.

Sasa palizi. Siku ya kupanda lori lilijaa hadi wengine wakabaki getini wamenuna. Palizi ya pili tulikuwa 9, tukimhesabu dereva. Sina la kuongeza hapo.

Viwavijeshi vamizi, ambao tangu 2017 hawajatupa pumziko hapa nchini, waliingia kwenye mahindi ya shamba la zamani mwezi Februari, na pamoja nao yakaingia maneno. Wapo waliosema novena, sala ya siku tisa, inatosha na kwamba kutafuta dawa ni uhaba wa imani. Wapo waliowacheka hao. Nilichoshwa na pande zote mbili. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na kauli yao ya Sala na Kazi, nasi tumeikuta imeandikwa kila mahali tangu tukiwa watoto. Basi jioni tulisali rozari, na alfajiri waliokuwepo waliingia shambani, wakafunua moyo wa kila mhindi, wakaponda mayai na viwavi kwa vidole, wakatia mchanga na majivu. Mahindi yalijeruhiwa, hayakuisha.

Hesabu atasoma mhazini. Mimi natoa moja tu: lori na chakula chetu vilizidi kile ambacho tungewalipa vibarua wa palepale kwa kazi ileile. Na jirani mmoja wa shamba aliniambia waziwazi, "Mkija kulima bure, sisi tunakosa siku ya kibarua." Sikuwahi kuliwaza hilo. Kwa hiyo kamati inapendekeza kazi ya ngoro tuwalipe wenyeji, kwa fedha ya safari moja ya lori tutakayoifuta. Kujitolea kwetu kubaki kwenye palizi ya pili na mavuno, wakati ambao kila mwenyeji yuko shambani kwake na kibarua hapatikani. Hakuna nyimbo nyingi siku hizo.

Atakayeuliza kwa nini basi tusitume hela zote tukabaki nyumbani, nami nimejiuliza. Kwa hesabu sina jibu. Najua tu kwamba kabla ya Machi nilikuwa nawaombea watu wa kule kila Jumapili bila kumjua hata mmoja kwa jina.

Mambo mawili ya kupigia kura leo: pendekezo hilo la vibarua, na viti viwili vya kamati kwa wakulima wa kigangoni, wenye haki ya kura kama sisi. Anayekuja palizi aje na jembe lake, ya misheni yamekwisha makali. Lori litaondoka saa 11 alfajiri, si saa 12.

Yule bibi amekubali kuingia kwenye kamati, kwa sharti kwamba vikao visiangukie siku ya soko.