Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maombi ya Kubadilisha Majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Assalaam alaykum.

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha, na majina ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo hayo sitayagusa. Muda wangu nitautumia kwa kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, nayo ni kusoma michoro ya watu wanaotaka kubadilisha nyumba zao ndani ya Mji Mkongwe na kuwapa maoni yetu kabla fundi hajashika nyundo.

Kwanza tuelewane juu ya mamlaka yetu, maana wapo wanaotulaumu kwa kuwanyima kibali na wapo wanaotuomba tuwapitishie. Sisi hatutoi kibali wala hatukizuii. Kibali kinatoka kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ikapewa sheria mwaka 1994 na sheria mpya mwaka 2010. Mpango wa Hifadhi uliotayarishwa mwaka 1994 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ndio ulioainisha majengo kwa madaraja na kueleza kipi kinaruhusiwa wapi. Mwaka 2000 mji wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Chama chetu kinaingia kabla ya kibali kuombwa: mwenye nyumba analeta mchoro wake kwa hiari, kamati yetu ya majengo inakwenda kuitazama nyumba, tunakaa naye na fundi wake, tunaandika maoni. Mchoro unapofika kwa wakaguzi tayari umeshatengenezwa, na mwenye nyumba hapotezi miezi akirudishwa nyuma.

Nasema wazi mbele yenu kwamba mji huu unaharibiwa zaidi na maombi madogo kuliko makubwa. Jengo kubwa linaonekana na kila mtu. Jumba la zamani la Mambo Msiige pale Shangani lilipogeuzwa hoteli, iliyofunguliwa mwaka 2015, na jengo jipya likaongezwa pembeni yake kwenye ufukwe, watu walisema, magazeti yaliandika, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake. Lakini nani anaandika habari za tangi la maji? Nani anaitisha mkutano kwa ajili ya choo cha ghorofa ya pili?

Nichukue nyumba moja ya Kiponda, na mwenyewe ameniruhusu niieleze bila ya kumtaja. Alitaka kugeuza ghorofa za juu kuwa vyumba vya wageni, aweke juu ya sakafu ya paa matangi mawili ya lita 5,000 na kibanda cha kulia chakula. Mchoro ulikuwa mzuri, umechorwa kwa kompyuta, na ndani yake hamna hata mstari mmoja unaoeleza kuta na boriti zilivyo sasa. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Matangi mawili yale yakijaa ni tani kumi, na hapo hujahesabu zege la kuyakalisha, meza, wala wageni. Uzito huo wote unalala juu ya boriti za mikoko zilizopita juu ya chumba chembamba. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba kwa sababu hiyo hasa: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita tatu, na wajenzi wetu walijenga kwa kipimo cha mti wao.

Mwashi wetu aliomba bisibisi. Akapanda ngazi, akaigusa boriti mahali inapoingia ukutani, chini ya choo kilichoongezwa na mpangaji wa zamani. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Katikati ya chumba boriti ile ile ilikuwa ngumu, inalia ukiigonga. Ndivyo nyumba zetu zinavyooza, kwenye kichwa cha boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo macho hayafiki na rangi mpya inafunika. Mwenye nyumba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali la maana: afanye nini basi, maana biashara anaitaka na maji ya mji hayatoki kila saa. Tulikubaliana matangi makubwa yakae uani, juu ya ardhi, na pampu ipeleke maji kwenye tangi dogo lililokalishwa juu ya ukuta mnene. Vyoo vipangwe kimoja juu ya chengine, mabomba yashuke nje kwa upande wa uani ili yakivuja yaonekane. Boriti zilizooza zitolewe zitiwe mpya. Kibanda cha juu hatukukubaliana, na maoni yetu tumeyaandika hivyo.

Maji ndiyo adui, na saruji ndiyo inayomfungia ndani. Kuta zetu ni mawe, chokaa na udongo mwekundu. Zinanyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye upepo wa bahari, na zikipigwa lipu ya chokaa zinautoa polepole. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu haupati pa kutokea. Unapanda juu zaidi, unabeba chumvi, chumvi inasukuma lipu, na baada ya misimu michache lipu inabanduka ikiwa imeng'ang'ania na jiwe lenyewe. Mwenye nyumba anaona ukuta umeharibika, ananunua saruji zaidi. Karibu kila ombi tulilolisoma mwaka huu lilikuwa na saruji mahali ambapo palihitaji chokaa. Siwalaumu watu. Mfuko wa saruji uko kila duka kuanzia Darajani, na fundi kijana amefundishwa saruji tu. Chokaa nzuri inataka kurowekwa shimoni wiki nyingi kabla ya kutumika, na mtu ambaye paa lake linavuja leo hana wiki nyingi.

Tusisahau Beit al-Ajaib. Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lilianza kutoa ishara kwa miaka. Kipande cha roshani kilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Likiweza kuanguka jengo linalotazamwa na dunia nzima, itakuwaje nyumba ya Mkunazini yenye familia sita na hakuna anayepanda darini kutazama?

Maombi ya maduka yalikuwa mepesi zaidi, na hapa nina furaha ya kutoa taarifa. Mitaa ya Hurumzi na Mkunazini ina maduka ya zamani ambayo uso wake mzima ni mbao za milango inayokunjwa, na kila mfanyabiashara mpya anataka kioo na shata ya chuma. Mmoja alituletea mchoro wa kung'oa vyote. Kamati ilimwonyesha namna ya kuweka kioo ndani, hatua moja nyuma ya milango, ili mchana milango ifunguke kama ilivyozoea na bidhaa zionekane, na usiku ifungwe kwa mbao zile zile pamoja na komeo jipya. Gharama ilipungua. Jirani yake naye ameshakuja kuomba mchoro kama huo, bila ya sisi kumwita.

Jambo lililotuumiza vichwa ni mirathi. Nyumba nyingi za mji huu zina warithi ambao wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine Uingereza na Kanada, na humu ndani anaishi mjukuu mmoja na ufunguo. Nyengine ni za wakf, nyengine zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na watu wakapewa vyumba, kila familia na kiambaza chake. Anapokuja mtu mmoja na mchoro wa kubomoa ngazi, sisi tunauliza: wenzako wanajua? Tulikutana na kesi ambapo hawakujua. Kuanzia sasa kamati haitasoma mchoro wowote wa kubomoa ukuta, ngazi au sakafu mpaka ione ridhaa ya warithi kwa maandishi, au barua ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kama nyumba ni ya wakf. Najua wapo watakaoona tunaingilia ya familia. Mimi naona ukuta wa mji huu hausimami peke yake; umeegemeana na wa jirani, na ukiuvunja wako umegusa wake.

Kuna hoteli moja, sitaitaja, ilileta mchoro wa kutengeneza paa, tukatoa maoni, kisha nyuma ya maturubai ikapandisha ghorofa nzima. Majirani waligundua turubai lilipoondolewa. Tumeandika barua kwa wanaohusika na tunafuatilia. Ninachowaomba wanachama wanaokaa karibu na kazi yoyote ni hiki: mkiona nondo zinapandishwa juu ya paa la zamani, piga picha siku hiyo hiyo mumletee katibu. Ghorofa iliyokwisha kupigwa rangi ni vigumu sana kuishusha.

Nimalizie na wale ambao hawana mchoro kabisa. Bibi mmoja wa Malindi alikuja kwetu akiwa na ndoo. Paa lake ni sakafu ya chokaa ya zamani, limepasuka, na fundi amemwambia atie zege juu yake. Zege hilo lingeongeza mzigo juu ya boriti ambazo tayari zimechoka. Bati jepesi juu ya fremu ya mbao lingemsitiri, na nyumba nyingi za mji zimevikwa bati kwa miaka mingi, lakini hata hilo linataka fedha na kibali. Mtu kama huyu ukimwambia habari za urithi wa dunia unamtukana. Anachotaka ni kulala pakavu. Ikiwa chama hiki kinajua kumzuia asitie zege, lazima kijue pia kumsaidia apate chokaa.

Kwa hiyo kamati ya utendaji inaleta mbele yenu hoja ya kuchimba shimo la chokaa la pamoja, katika uwanja ambao mwanachama mmoja amejitolea kutuachia, chokaa irowekwe mfululizo na wanachama wanunue kwa bei ya gharama. Wazee wetu wawili waashi wamekubali kufundisha vijana namna ya kuchanganya, kupiga lipu na kupiga sakafu, kwa sharti kwamba vijana hao walipwe posho. Hoja hii itapigiwa kura leo, mara baada ya hesabu za mshika fedha. Pamoja nayo nawaomba mchague wajumbe wapya wa kamati ya majengo, na napendekeza mmoja wao awe mwanamke anayekaa ndani ya mji, kwa sababu mwenye kujua bomba gani linavuja na tangi gani linafurika ni yule anayeshinda nyumbani.

Wenye kazi ya paa wanaotaka kuimaliza kabla ya masika walete michoro yao kwa katibu mwezi huu. Mchoro uwe na vipimo, picha za hali ya sasa, na mahali pa kila choo na kila tangi.

Ahsanteni sana.

Mwenyekiti